Fungate ya India? Njia ya Surat Ilipita Karagwe



Msimu wa harusi ukikaribia, swali huwa ni lilelile: fungate twende wapi? Wengi hujibu India, na sababu zake tunazijua. Nguo za harusi nusu yake zimetoka huko. Biriani, chapati, sambusa na achari tumezirithi kwa bibi zetu mpaka tumesahau kwamba zilikuja na majahazi. Mwenye uwezo anapanga siku tatu au nne katika mji mmoja wa kale, anaandika orodha yake: ngome, msikiti, soko la vitambaa, mahali pa kula.

Leo tuipange safari hiyo pamoja, ila tuipange kwa kutazama historia. Mji niliouchagua ni Surat, katika jimbo la Gujarat. Nimeuchagua kwa sababu yuko mtu wa Surat ambaye, zaidi ya miaka 160 iliyopita, alikuwa akifanya biashara Karagwe, huko kwenye migomba na kahawa ya mkoa wa Kagera. Ukiifuata njia yake utapata safari mbili, moja ya kuvuka bahari na moja ya hapa hapa Tanzania. Tena utapata funzo kuhusu mgeni na mwenyeji ambalo bi harusi yeyote angefaa kulitia begini kabla ya viatu.

Surat, mlango wa mahujaji

Surat imekaa kando ya mto Tapti, karibu na unapoingia baharini. Zama za wafalme wa Mughal ilikuwa bandari yao kubwa, na Waislamu wa India waliijua kama mlango wa kwendea Makka, maana mahujaji walipandia meli hapo kuelekea Jeddah. Ngome yake ya mtoni ilijengwa katika miaka ya 1540. Mwaka 1644, enzi ya Shah Jahan, ikajengwa nyumba kubwa ya kupumzikia wasafiri na mahujaji, inayoitwa Mughal Sarai. Jengo hilo lipo hadi leo, na ndani yake ndimo zilimo ofisi za baraza la mji.

Kabla ya nyumba hiyo kujengwa, alipita Surat mwanamke ambaye kila bi harusi anapaswa kumjua. Ni Gulbadan Begum, binti wa Babur, shangazi yake mfalme Akbar. Mwaka 1576 aliondoka Surat kwa meli pamoja na kundi la wanawake wa jumba la kifalme, akaenda Hija. Alikaa Hijazi zaidi ya miaka mitatu, akahiji zaidi ya mara moja, na wakati wa kurudi chombo chao kikaharibikiwa karibu na Aden. Alifika nyumbani mwaka 1582. Baadaye Akbar alimwomba aandike anayoyakumbuka kuhusu ukoo wao, naye akaandika kitabu kinachojulikana kama Humayun-nama. Mtunze moyoni bibi huyu. Alisafiri kwa stara, na alipoandika aliandika kwa kalamu yake mwenyewe. Tutamhitaji tukifika Karagwe.

Kwa siku tatu za Surat, siku ya kwanza ipe ngome na Mughal Sarai. Ya pili ipe masoko, kwani mji huu umejengwa na vitambaa, na kazi ya nyuzi za dhahabu na fedha, wanayoiita zari, ina sifa tangu zamani. Ya tatu ipe makaburi ya kale ya Waingereza na Waholanzi, waliokuja kufanya biashara hapo tangu karne ya 17. Wamejengewa makuba makubwa kama ya masultani, kana kwamba hawakutaka kupitwa na wenyeji hata walipokwishakufa.

Chakula cha Surat kingi ni cha mboga na dengu. Onja locho, unga wa dengu uliopikwa kwa mvuke, unaoliwa na mafuta na viungo. Wakati wa baridi kuna undhiyu, mchanganyiko wa mboga za msimu zilizopikwa taratibu. Kwa watamu kuna ghari, iliyojaa samli na maziwa yaliyokaushwa, pamoja na biskuti za nankhatai. Nyama itafute kwenye mitaa ya Waislamu. Na jambo la kukufurahisha ni kwamba sheria ya Gujarat inakataza pombe. Nenda kati ya Disemba na Februari, kwa sababu kuanzia Juni mpaka Septemba ni masika makali.

Musa Mzuri, mtu wa Surat

Sifa za bandari hazidumu. Bombay ilipokua, meli zikahamia huko na Surat ikapoa. Watu wa Gujarat walikuwa wamezoea kuvuka bahari tangu kale, na Unguja ilikuwa njia yao. Kati yao alikuwa Muislamu mmoja wa Kikhoja aliyeitwa Musa. Watu wa bara walimpa jina la Musa Mzuri.

Musa hakutosheka na duka la pwani. Aliingia bara na misafara ya ushanga na nguo, akafanya makao Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Tufikirie umbali huo. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba, yaani miezi zaidi ya minne kwa miguu. Walipofika, Musa hakuwepo nyumbani. Alikuwa amekwenda mbele zaidi, Karagwe, kutafuta pembe za ndovu.

Mizigo yake ilikuwa ya aina ambayo bibi zetu waliijua: ushanga, merikani, na kaniki, ile nguo nyeusi-bluu iliyotoka India. Kwa hiyo kabla ya bi harusi wa Unguja kutamani nguo ya India, nguo ya India ilikwisha kufika Karagwe kichwani mwa mpagazi.

Musa aliingia hata katika mambo ya utawala. Rumanyika aligombania kiti na ndugu yake, na kwa simulizi alizoziandika Speke, Musa alitoa pembe ili kumshawishi Kabaka Suna wa Buganda apeleke jeshi upande wa Rumanyika. Rumanyika akashinda. Musa mwenyewe alifariki Kazeh mwaka 1861, mbali na mto Tapti.

Kafuro, mtaa wa wageni

Wafanyabiashara wa pwani walipata mahali pao Karagwe, palipoitwa Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao makuu ya mfalme. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta Waarabu matajiri wachache wakiishi bondeni, milima ikiwa imewazunguka juu sana, na chemchemi ya maji ikianzia hapo. Mkubwa wao alikuwa Hamed Ibrahim, mwenye nyumba pana, ng'ombe, pembe, watumwa na masuria.

Hapo tusipite haraka, mashoga. Sisi wa visiwani tunapenda kuisimulia biashara ile kwa upande wa marashi na milango ya nakshi. Lakini chakula kilichopikwa Kafuro kilipikwa na wanawake ambao wengi wao hawakuchagua kuwa pale. Majina ya matajiri yanasomwa vitabuni hadi leo. Wanawake wa jikoni mwao wametajwa pamoja na ng'ombe na pembe, katika hesabu ya mali. Ukweli huo haupunguzi imani yetu. Unatukumbusha tu kwamba hata aliyekuja na tasbihi mkononi anaweza kumdhulumu aliye chini yake, na hesabu yake iko kwa Mola.

Mwenyeji aliyekirimu, mgeni aliyepima

Tarehe 25 Novemba 1861 Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika. Njiani walikuwa wametozwa hongo kila walipokanyaga. Walipoingia Karagwe mambo yakabadilika. Rumanyika alituma mtu wa kuwapokea, akaamuru vijiji vya njiani viwape chakula, wala asiwadai hongo. Alipowaona alizungumza nao siku nyingi, akauliza maswali ya kila namna. Speke mwenyewe alimsifu kwa upole wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Grant alipatwa na ugonjwa wa mguu. Speke akaondoka kwenda Buganda Januari 1862, Grant akabaki akiuguzwa mpaka Aprili. Miezi minne na zaidi, na jembe hakupewa.

Sasa sikiliza mgeni alivyolipa. Katika nyumba ya kifalme ya Karagwe wakati huo uzuri wa mwanamke ulikuwa unene. Wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama. Speke alikuta msichana wa miaka 16 akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Akamwendea mwanamke mmoja, shemeji yake mfalme, akaomba ampime. Ili akubali, alimwahidi kumwonyesha mikono na miguu yake, maana weupe wake ulikuwa kioja. Akampima mkono, kifua, paja na ndama ya mguu. Mwaka 1863 vipimo hivyo vikachapishwa London, na vimekuwa vikisomwa na kuchekewa tangu hapo. Tarakimu zipo, lakini mimi sitazirudia.

Tuwe waadilifu pande zote mbili. Kumlazimisha binti anywe maziwa kwa fimbo ni dhulma, na haikuanzishwa na mgeni. Lakini kuna dhulma ya pili iliyo karibu zaidi na sisi. Mwanamke alifunguliwa mlango wa ugeni, akaingiliwa kwa ahadi, mwili wake ukaandikwa kitabuni na watu wasiomjua. Gulbadan aliandika habari za watu wake kwa kalamu yake. Huyu wa Karagwe ameandikwa na mgeni aliyekuja na futi.

Bi harusi, wewe unaijua futi hiyo. Umewekwa ndani, unasingwa, na kila anayeingia ana neno. Mmoja anasema umekonda, nguo haitakukaa. Mwengine anasema umenenepa, acha wali. Karagwe walitaka unene, siku hizi wengine wanataka wembamba, lakini futi ni ileile. Mwili wako ni amana ya Mwenyezi Mungu kabla ya kuwa mazungumzo ya ukumbini. Usikubali upimwe, na ukisafiri usiende kupima wengine. Siku hizi futi imo mkononi mwetu, inaitwa simu. Ukimpiga picha mama wa watu akiwa jikoni kwake na kanga imemteremka, kisha ukairusha mtandaoni, umefanya alichofanya Speke, tena umefika mbali kuliko yeye.

Siku nne za Karagwe na Kyerwa

Kama nauli ya India bado haijatimia, au hata imetimia, fanya safari hii kwanza. Nenda miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Fika Bukoba kwa ndege, au panda meli ya usiku kutoka Mwanza uone ziwa alfajiri.

Siku ya kwanza toka Bukoba uende Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe. Njia inapita Kyaka, kwenye mto Kagera, penye daraja lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Shuka uombee waliofariki katika vita vile. Ukifika, pumzika. Ukitaka utulivu wa kijijini zaidi, kata ya Ihanda ni mahali pa kuona maisha ya Wanyambo yalivyo, migomba imezunguka nyumba na mibuni imesimama katikati yake.

Siku ya pili nenda Bweranyange. Hapo palikuwa na makao ya watawala wa ukoo wa Bahinda. Rumanyika alitunza alama za ufalme za chuma na shaba, zikiwemo sanamu ndogo za ng'ombe. Karibu yake lipo ziwa dogo ambalo Speke, kwa kutamani kwao, aliliita Windermere Ndogo. Kabla ya kwenda, pita kwa afisa utamaduni wa wilaya akutafutie mzee wa kukuongoza. Ukienda bila mwenyeji utaona nyasi tu.

Siku ya tatu ni ya Kafuro. Usitarajie majumba kama ya Mji Mkongwe. Utaona bonde na milima, nawe utakaa hapo utafakari kuhusu waliopita, wenye majina na waliokoseshwa. Wasomee Fatiha Waislamu waliofia njiani, na waombee haki wote waliodhulumiwa.

Siku ya nne vuka uende Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Stanley alifika hapo mwaka 1876 akakuta wagonjwa wakioga kutafuta nafuu. Ukitaka kuoga uliza kwanza utaratibu wa wanawake, na chukua nguo ya kusitiri. Mkipata siku ya ziada, hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, ziko upande huo.

Mezani, na kwenye mswala

Chakula kikuu ni ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage, na ukibahatika zimetiwa samli ya ng'ombe. Samaki wa ziwa wapo. Nyama uliza nani amechinja, uliza kwa upole, watu wa Kagera wamezoea kuishi na Waislamu na hawatakasirika. Senene wana msimu wao, hasa kuelekea mwisho wa mwaka, wanakaangwa na kuliwa kama karanga. Ukiwa na shaka nao, muulize mwalimu wako kabla ya safari, usibishane mezani.

Jihadhari na kimoja. Ndizi mbivu zikikamuliwa leo zinatoa juisi tamu sana. Juisi hiyo ikiwekwa ichachuke inakuwa rubisi, nayo ni pombe. Rangi haitakwambia kitu, kwa hiyo uliza imekamuliwa lini. Ukikaribishwa rubisi, weka mkono kifuani, shukuru, omba maziwa au kahawa. Na kahawa ya huko si lazima iwe ya kikombe. Mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Ni heshima ya zamani, zipokee kwa mikono miwili.

Kuhusu sala, safari kama hii inakuruhusu kupunguza. Kwa madhhab ya Imam Shafi, ukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unaswali kamili. Basi panga siku zako ukijua nia yako, na lolote likikutatiza muulize sheikh wako. Unasafiri na mumeo, alhamdulillah, mahram yupo.

Usiende mkono mtupu pia. Beba haluwa, kanga pea mbili, tende. Sunna imeweka haki ya mgeni siku tatu, inayozidi ni sadaka ya mwenyeji. Usimfanye mwenyeji wako atoe sadaka asiyoiweza.

Kitu cha mwisho cha kutia begini

Tia daftari. Iwe Surat au Karagwe, kila atakayekupikia muulize jina lake, na akiridhia liandike, pamoja na chakula alichokupikia na alivyokifundisha. Usiandike mwili wake, nyumba yake ina nini wala haina nini. Andika jina na wema wake. Sura ya Hujurat inatufundisha kwamba tumefanywa mataifa mbalimbali ili tujuane, na hakuna kujuana bila ya jina.

Wanawake waliopika Kafuro hawakuulizwa. Wale watakaokupikia wewe, waulize.

Allah awajaalie fungate yenye baraka, awarejeshe salama. Wabillahi tawfiq.